Mtoto Anayelala Mno

Kaskazini mwa Brussels, katika mtaa wa Laeken, ipo hospitali ya watoto yenye jina la Malkia Fabiola. Ilifunguliwa mwaka 1986. Wazazi wengi wa jiji lile, wakiwemo waliotoka Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura, wanaijua kwa mikesha ya homa, kikohozi na kuharisha. Lakini kwa miaka mingi walifika hapo pia watoto wasioumwa chochote. Walinyonyeshwa, wakabandikwa nyaya nyembamba kichwani, kifuani na pembeni mwa macho, kisha wakaachwa walale. Usiku kucha mashine ilichora mistari: wa ubongo, wa moyo, wa pumzi, wa macho. Asubuhi nyaya zilibanduliwa, mtoto akarudi nyumbani, na makaratasi yakahifadhiwa.

Aliyeongoza kazi hiyo ni André Kahn, daktari wa watoto na profesa wa Université Libre de Bruxelles, au ULB kama jiji zima linavyoiita. Alifariki mwaka 2004, baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandama swali moja. Mtoto amelazwa jioni akiwa mzima, amenyonya, amecheka. Asubuhi anakutwa amekufa. Daktari anapasua maiti, anatafuta, haoni kitu. Vifo vya namna hii hutokea zaidi kati ya mwezi wa 2 na wa 4, na karibu 9 kati ya 10 hutokea kabla mtoto hajafikisha miezi 6. Kuna mahali watu hunong'ona juu ya jicho baya, na mahali pengine hunong'ona juu ya mama. Minong'ono yote miwili imevunja nyumba nyingi.

Ugumu wa swali lenyewe ni kwamba mtoto akishakufa hakuna usingizi uliobaki wa kupima. Ilibidi wapimwe maelfu ya watoto wakiwa hai, makaratasi yawekwe kabatini, na watu wasubiri. Karibu wote walikua. Wachache walifariki, na hapo watafiti wakarudi kabatini. Mwaka 1992 Kahn na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto 30 waliokuja kufariki ghafla na watoto 60 wanaofanana nao ambao walikua salama. Wale 30, walipokuwa bado wazima, walikuwa wakijigeuza na kujinyoosha usingizini kidogo kuliko wenzao, na njia yao ya hewa iliziba kwa muda mfupi mara nyingi zaidi. Tofauti zilikuwa ndogo. Hakuna daktari ambaye angetazama mistari ya mtoto mmoja na kusema huyu yuko hatarini. Zilionekana tu walipowekwa wengi pamoja.

Mwaka 2003 Ikuko Kato na kundi hilohilo la Brussels walitazama kwa karibu zaidi makaratasi ya watoto 16. Mtu akikosa hewa usingizini, shina la ubongo hushtuka kwanza: mapigo ya moyo yanabadilika, pumzi inavutwa kwa nguvu. Kisha habari hupanda hadi gamba la juu la ubongo, na mtu anaamka kweli, anageuza kichwa, analia. Kwa watoto wale mshtuko wa chini ulikuwepo, tena kwa wingi, ila haukupanda hadi juu kama kwa wenzao. Waliamka nusu.

Jambo hili linapindua sifa tunayoipenda kuliko zote. Matonge, Ixelles, kwenye Chaussée de Wavre, mtu akichungulia ndani ya kigari cha mtoto aliyelala fofofo hadi kelele za basi hazimgusi, atamwambia mama yake: una bahati, huyu hasumbui. Bukavu wangesema hivyohivyo. Mara nyingi ni kweli, mtoto ameshiba na amechoka. Lakini anayetaka kujua afya ya mtoto mchanga kwa usingizi wake atajifunza machache kwa kuhesabu saa alizolala, na mengi kwa kutazama anavyoamka: kama anaamka, kwa nini, na akiamka anafanya nini.

Saa zenyewe zisimsumbue mtu mno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 14 hadi 17 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 4, na saa 12 hadi 16 kuanzia hapo mpaka mwaka mmoja, usingizi wa mchana ukiwemo. Ndani ya mipaka hiyo kuna nafasi ya kila aina ya mtoto. Mmoja analala 14, ndugu yake wa tumbo moja alilala 17, na wote wawili wazima.

Zaidi ya hapo, usingizi wa mtoto mchanga ni wa vurugu kwa asili yake. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 50, na karibu nusu ya usingizi wake wote ni ule wa macho kuchezacheza chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walioutangazia ulimwengu usingizi wa aina hiyo kutoka Chicago mwaka 1953, walikuwa pia wakichunguza watoto wachanga waliolala. Katika kipindi hicho mtoto hukunja uso, hutabasamu mpaka wazee wakasema anachezeshwa na malaika, huguna, hutupa mkono. Hata pumzi yake haiendi sawa: anavuta harakaharaka, anatulia sekunde 5 au 10, kisha anaendelea. Mzazi wa mtoto wa kwanza akiona hivyo kwa mwanga wa simu saa nane za usiku, roho humtoka. Ni kawaida. Pumzi kusimama kwa sekunde 20, au kwa muda mfupi zaidi huku midomo ikibadilika rangi au mwili ukilegea, hilo si kawaida, na halingojei asubuhi.

Baada ya kuona kwamba kuamka ndiko kunakookoa, watafiti wa Brussels walianza kuuliza ni nini kinachomzuia mtoto asiamke. Hapa jina la Patricia Franco lazima litajwe, maana majaribio mengi yaliyofanywa pamoja na Kahn yana sahihi yake. Namna yao ilikuwa rahisi kuieleza: mtoto amelala, kipaza sauti kinatoa kelele ya chini, inapandishwa hatua kwa hatua, na mashine inaonyesha alishtuka ilipofika wapi. Mtoto yuleyule akilazwa kifudifudi, alihitaji kelele kubwa zaidi kuliko akilazwa chali. Chumba kikipashwa hadi nyuzi 28 badala ya 24, akawa mgumu kuamka, hasa kuelekea alfajiri. Watoto ambao mama zao walivuta sigara wakati wa ujauzito nao walikuwa wazito. Wanaonyonya chuchu ya mpira, ile ambayo Wabelgiji huiita tutute, waliamka kwa kelele ndogo zaidi. Bibi aliyeichukia tutute maisha yake yote hatafurahi kusikia hili.

Kuhusu kulala kifudifudi, historia haiwapendezi madaktari. Katika miaka ya 1970 na 1980 ni wao, katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, waliowaambia wazazi wamlaze mtoto kwa tumbo ili asipaliwe na maziwa. Vifo vikapanda. Uholanzi, jirani wa Ubelgiji, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kugeuza ushauri huo mwaka 1987, ikiongozwa na daktari Guus de Jonge. Uingereza ikafuata mwaka 1991, Marekani mwaka 1994. Popote watoto walipogeuzwa wakalala chali, vifo vya ghafla vilipungua sana, mahali pengi kwa nusu au zaidi. Hakuna dawa iliyonunuliwa. Na yule mtoto wa kupaliwa aliyeogopwa hakuonekana, kwa sababu mtoto mzima akilala chali na kucheua, njia yake ya hewa iko juu ya ile ya chakula, na humeza au hukohoa.

Sasa tuje kwenye vyumba vyenyewe. Nyumba nyingi za Brussels zina radieta chini ya dirisha, na familia inayotoka nchi ya joto huifungua yote mwezi wa Novemba. Bibi anapiga simu ya video kutoka Goma: mfunikeni mtoto jamani, huko kwenu baridi inaua. Kuhusu barabarani, bibi yuko sahihi. Chumbani, ambako radieta imefika nyuzi 24, mtoto amevaa soksi, kofia ya sufu, fulana mbili, na juu yake blanketi lile nene lenye picha ya simba. ONE, shirika la watoto na uzazi la Wabelgiji wa Kifaransa, na Kind en Gezin, la wale wa Kiholanzi, yote mawili yanafanya kazi Brussels na yote mawili yanasema jambo lilelile: chumba kiwe karibu na nyuzi 18 hadi 20, mtoto avae mfuko wa kulalia wenye mikono wazi, kichwa kikiwa wazi, bila mto wala shuka zito, chali, kwenye kitanda chake ndani ya chumba cha wazazi kwa miezi 6 ya mwanzo. Mkono wa mama ukipita nyuma ya shingo ukakuta jasho, amefunikwa mno. Viganja vya baridi havielezi kitu.

Hili la kitanda chake huzua ubishi, na ubishi una msingi wake. Sehemu kubwa ya dunia hulala na watoto wao. Ila godoro laini la Ulaya na duvee lake si mkeka, na kochi ndilo baya kuliko yote: mzazi aliyechoka anasinzia na mtoto kifuani, mtoto anateleza kwenye pembe, pua inazibwa. Afadhali kitanda cha wazazi kuliko kochi, na afadhali kitanda cha mtoto kando ya vyote viwili.

Mbeleko nayo inastahili neno. Mtoto anayelala mgongoni mwa mama yake sokoni yuko wima, anatikiswa, anasikika akikohoa. Uso ukiwa wazi na kidevu kikiwa hakijagandamizwa kifuani, hakuna ubaya. Kiti cha gari, ambacho hapo Brussels hubebwa kama kikapu kutoka garini hadi sebuleni, kina hatari ambayo watu hawaioni. Shingo ya mtoto wa mwezi mmoja haina nguvu. Akiachwa amesinzia humo baada ya safari, kichwa huanguka mbele na kuminya njia ya hewa. Safari ikiisha, atolewe alazwe.

Halafu kuna jua. Bukavu jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Brussels mwezi wa Juni linazama saa nne za usiku na linarudi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Desemba linachelewa mpaka karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshakwenda. Saa ya ndani ya mwili wa mtoto huanza kujipanga akiwa na miezi 2 au 3, na kinachoipanga zaidi ni mwanga. Mtoto wa Juni asiyetaka kulala saa mbili za usiku haumwi, anaona mchana. Pazia zito dirishani hufanya kazi kuliko dawa yoyote ya mitishamba, na wakati wa baridi kumtoa nje asubuhi, hata kama kuna mawingu, humsaidia kujua usiku ni upi. Uhaba wa jua hilohilo ndio sababu watoto wa Ubelgiji hupewa matone ya vitamini D kila siku, na wenye ngozi nyeusi wanayahitaji zaidi.

Yote hayo ni ya mtoto mzima. Lakini yuko mtoto ambaye utulivu wake ndio ugonjwa.

Miaka ya 1960, François Delange, daktari mwingine wa ULB, alikuwa kwenye kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu, akishirikiana na kituo cha utafiti cha Lwiro. Idjwi ilikuwa na watu wengi wenye rovu, na watoto wengine walizaliwa wakabaki wafupi, wenye akili iliyodumaa. Ardhi ya kisiwa haina madini joto ya kutosha, na upungufu ulikuwa kote, ila rovu ilikuwa nyingi upande wa kaskazini na chache kusini magharibi. Tofauti hiyo ndiyo iliyomshughulisha Delange na wenzake. Jibu walilifuatilia mpaka jikoni: muhogo. Usiporowekwa na kukaushwa vizuri, muhogo huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa thayosianeti, nayo huizuia tezi ya shingoni isikamate hata yale madini joto machache yaliyopo.

Delange alirudi Brussels na somo la Idjwi mkononi. Huko Hospitali ya Saint-Pierre aliendelea na tezi za watoto, na baadaye akaongoza juhudi za dunia nzima za kuweka madini joto kwenye chumvi. Ubelgiji yenyewe iligundulika kuwa na upungufu mdogo. Tangu mwaka 2009 waokaji wake wana makubaliano na serikali ya kutumia chumvi yenye madini joto kwenye mkate. Watu walidhani ni shida ya Kivu peke yake.

Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi ana sura gani? Analala. Anaamshwa kunyonya, anavuta mara tatu, anarudi kulala. Halii sana, na akilia sauti yake ni nzito kama imekauka. Hapati choo vizuri, njano ya macho inachelewa kuondoka, kitovu kimetokeza. Ndiye mtoto asiyesumbua. Akipewa homoni yake kila siku kuanzia wiki mbili za kwanza, ubongo wake hukua kama wa wengine. Akicheleweshwa miezi, kinachopotea hakirudi. Ndiyo maana katika siku za mwanzo kila mtoto wa Ubelgiji huchomwa sindano, matone machache ya damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara, bila malipo. Kwa kuwa akina mama siku hizi hutoka wodini mapema, wakati mwingine mkunga ndiye anayeitoa damu hiyo nyumbani. Mzazi anayemwona mwanawe akilia kwa sindano na kutaka kukataa ajue kwamba Kongo haina mpango wa taifa wa kipimo hicho, wala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Huko bado inategemea jicho la mama, na jicho hilo limefundishwa kusifu utulivu.

Njano nayo hutia usingizi. Katika wiki ya kwanza watoto wengi hupata kidogo, inapita. Ikizidi, mtoto anakuwa mzito wa kuamka, ananyonya kidogo, na kwa kunyonya kidogo njano inapanda. Vitabu vingi vimechora mtoto mweupe aliyegeuka manjano. Kwa mtoto mweusi ngozi ya kifua inaweza isionyeshe kitu. Itazamwe nyeupe ya macho, ufizi, viganja na nyayo, karibu na dirisha mchana. Vivyo hivyo kukosa hewa: kwa ngozi yetu ubluu hutafutwa kwenye ulimi na ndani ya midomo. Hata ile mashine ya kubana kidoleni inayosoma oksijeni, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi huweza kutoa namba nzuri kuliko hali ilivyo. Mama akisema mwanawe hayuko sawa na namba ikasema yuko sawa, mama ana haki ya kuomba aangaliwe tena. Na zile soksi za umeme za kupima oksijeni ya mtoto akilala, zinazouzwa kwa bei ya mwezi mzima wa ununuzi wa chakula? Madaktari wa watoto wa Marekani walisema wazi mwaka 2022 kwamba zisitegemewe kuzuia kifo cha ghafla.

Mpaka mtoto arudie uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida ndani ya siku 10 hadi 14, haachwi alale mfululizo kwa sababu tu kalala, anaamshwa anyonye. Baada ya hapo, akiwa anaongezeka uzito na nepi zinalowa, usingizi wake ni wake. Usiku akihema kwa kasi, pumzi zihesabiwe dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kutoka hapo hadi mwaka, ni dalili ambayo wahudumu wa afya kutoka Kigoma hadi Kampala wamefundishwa kuitafuta, na inafaa Brussels pia. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi 3 ni ya hospitali usiku uleule. Degedege, kutapika kila kitu, utosi uliovimba, kukataa titi kabisa, hayo hayana mjadala. Na mtoto aliyevuliwa nguo, akapanguswa kwa kitambaa cha maji, akakunwa nyayo, bado hafungui macho wala kulia, huyo hajalala.

Namba ya dharura Ubelgiji ni 112. Wanaopokea husema Kifaransa, Kiholanzi, Kijerumani au Kiingereza, na usiku huo hakuna muda wa kumtafuta shemeji anayejua lugha. Kwa hiyo familia nyingine za Ixelles na Schaerbeek zingefanya vizuri kubandika sentensi moja ya Kifaransa mlangoni mwa friji, pamoja na anwani ya nyumba na ghorofa yake: « Mon bébé ne se réveille pas pour boire. » Mtoto wangu haamki kunyonya. Anayepokea simu atauliza umri, atauliza kama anahema, na atamwambia mzazi afanye nini wakati gari linakuja.